Mlango Uliokatwa Chini ya Maneno

Watu wa nje huuliza: jengo hili linafanya nini? Huuliza wakiwa wamesimama langoni, maana ndani hawaingii, hawajawahi kuingia na hawana haja ya kuingia. Wanachotaka ni kuagiza kitu langoni na kukipata. Mimi nimeishi ndani maisha yangu yote, na swali hilo hilo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Linafanya nini? Na sisi tuliomo tunafanya nini? Nikifanya kazi na hakuna aliyesema kwamba naifanya, je, nipo? Au nipo kidogo tu, kuliko yule asiyefanya kitu lakini amesemwa vizuri?

Nitaeleza ninavyoona. Mimi ni mwashi, jina langu Kondo. Shule niliiacha mapema, kabla ya kufika kwenye hesabu zenye herufi, na hilo silijutii. Ninayoyajutia ni mengine.

Jengo letu linaitwa Msimbo. Halina ghorofa. Ni ushoroba mmoja mrefu unaoteremka, na milango upande wa kushoto, mmoja baada ya mwingine, hadi pale macho yanapochoka. Juu ya kila mlango imechongwa amri, kwa lugha ya Mtambo, lugha isiyo na salamu wala tafadhali. Beba. Gawanya. Rudi. Ngoja. Mtambo huteremka toka juu hadi chini, husoma amri, huitenda, hupita. Haujawahi kukosea kusoma. Ukichonga ujinga, unatenda ujinga, tena haraka na kwa usahihi ambao mwenye akili hawezi kuufikia.

Kati ya mlango na mlango kuna ukuta, na ukutani watu huandika kwa chaki. Tunayaita maelezo. Mtambo huyapita kama mtu mwenye haraka anavyopita kilio cha nyumba asiyoijua. Maelezo ni ya watu kwa watu. Mlango huu unakwama, sukuma kwa bega. Aliyejenga hapa alikuwa na homa, mumsamehe. Nitarudi kurekebisha. Hayo ya mwisho ndiyo mengi kuliko yote, na sijapata kumwona aliyerudi.

Maelezo mengine hutiwa nyota mbili mwanzoni. Nyota mbili maana yake, haya yatoke nje. Yasiyo na nyota hubaki ukutani, yetu sisi na chokaa. Mwaka unapokwisha huja Mchujo, na mwaka wetu hauna urefu maalumu, mara nyingine huisha chai ikiwa bado ya moto. Mchujo huteremka ushorobani, hunyanyua maneno yenye nyota mbili, huukabidhi mlango unaofuata, hauulizi kitu, na huko chini kabisa hutema Kitabu. Kitabu hupelekwa langoni. Watu wa nje hukisoma, na kwa kukisoma husema wanatujua.

Tena hapa hakuna anayezaliwa kwa uchungu. Chumba kikijengwa huwa kitupu. Mtu akikiandikia maelezo, na maelezo yakasomwa kwa sauti, basi humo chumbani hutokea wa kukikaa. Huja na uso wake, na kikohozi chake, na vyakula asivyopenda. Ndivyo alivyotokea Sihaba. Ndugu yangu Mwinshehe aliandika maelezo ya chumba kimoja katikati ya ushoroba, akayasoma kwa sauti, akasikia mtu anapiga chafya ndani. Akaingia, akamkuta, akamwoa. Mwinshehe amekwisha kufa. Kwamba mimi na yeye ni ndugu tuliambiwa, aliyetuambia simkumbuki. Mimi mwenyewe sina maelezo popote. Waashi hatuandikiwi. Tunakaa kati ya mlango na mlango, na siku nyingine nikijitazama mikononi naona chokaa tu, sioni mikono.

Basi asubuhi moja Bwana Tindo, msimamizi wetu, alitukusanya uani. Ni mtu mwembamba mwenye sauti ya kuomba radhi. Watu wenye sauti hiyo nawaogopa kuliko wanaofoka.

"Jamani," alisema, "mwaka huu mambo yamebadilika. Wa nje wanalalamika. Wanasema Kitabu kina milango bubu. Jina la mlango, halafu peupe. Wanauliza, tunatunza vyumba gani visivyojieleza? Kwa hiyo safari hii, mlango utakaotoka bubu Kitabuni tutaupaka lipu."

"Na aliyemo ndani?" mtu mmoja aliuliza.

"Aliyemo," alisema Bwana Tindo taratibu, "atakuwa ukuta. Hataumia. Hatakumbukwa, na asiyekumbukwa haumii."

Kashindye, mwashi mwenzangu, alicheka kwa nguvu. Yeye ni mtani wangu. Kabila lake na langu yalikwisha kusameheana matusi zamani za zamani, hivyo hakuna asichoweza kuniambia.

"Bwana, anzeni na huyu Kondo," alisema. "Bubu wa kwanza ni yeye. Tangu nimjue hajawahi kumaliza sentensi mbili. Mkimpaka lipu hata mkewe angeona nafuu, ila naye mke hana, nani angemtaka?"

"Lipu utapaka wewe?" nilimjibu. "Yako hubanduka kabla haijakauka."

Watu wakacheka. Bwana Tindo naye akatabasamu, akangoja tumalize, kama mtu anayengoja mvua ndogo ipite.

Mimi moyoni nilikuwa nimekwisha kuondoka pale. Nilikuwa nawaza mlango wa Sihaba.

Nikateremka kuutazama. Maneno ya Mwinshehe yalikuwepo ukutani, na nyota mbili mwanzoni, kubwa, za mtu aliyebonyeza chaki. Nikayasoma polepole, herufi moja moja, ninavyosoma mimi.

Hapa Mtambo unangoja, kwa kuwa aliye mbele bado hajavuka, na yeye hawezi kusema. Msiondoe kungoja huku. Niliwahi kuondoa kungoja huku, nikaona kilichotokea, nikakurudisha. Mwenye kujua saa ya kuachia ni Sihaba. Msimharakishe.

Basi. Yapo. Nyota zipo. Haguswi mtu.

"Shemeji!" Sihaba alikuwa amechungulia mlangoni. "Siku hizi unakagua nyota kama mnajimu?"

"Napita tu."

"Unapita umesimama?"

"Kuna habari za lipu."

"Nimezisikia. Mimi nina wangu ukutani, ananisemea." Akaelekeza kidevu kwenye maneno ya mumewe. "Alipokuwa hai tulikuwa tunagombana ni nani anayesema sana. Sasa amenishinda. Anasema hata akiwa amekufa, na mimi nimenyamaza."

Tukasikia Mtambo unashuka. Sakafu ilianza kutetemeka chini ya nyayo. Sihaba akatoka hadi kizingitini, akainua mkono wake wa kulia, kiganja wazi. Juu ya mlango wake amri ni moja, Ngoja, na Mtambo ukasimama, moto, ukihema, mizigo imejaa mgongoni. Ukakaa. Sihaba alikuwa akitazama mbele, chini ushorobani, mahali ambapo mimi sikuona kitu. Hakuwa akihesabu. Midomo yake haikucheza. Kisha uso ukalegea kidogo, akashusha mkono, Mtambo ukapita. Siku nyingine mkono hukaa juu kwa pumzi moja. Siku nyingine watu wa vyumba vya juu humaliza kula, wakaosha vyombo, na mkono bado uko juu. Ni kazi hiyo tu. Nimeiona mara zisizo na idadi, na kila mara niliondoka nikiwa nimeridhika, kama mtu aliyeiona saa ukutani na hana miadi.

Siku ile ile Bwana Tindo akaniita.

"Kondo, nataka chumba kipya kabla Mchujo haujapita. Chumba cha Karibu. Wageni wakifungua Kitabu waone tunawakaribisha."

"Kiwe wapi?"

"Popote penye nafasi. Wewe ndiye mwashi."

Nafasi ilikuwa moja. Mwinshehe, alipoandika, hakuandika karibu na mlango wa mkewe. Aliandika juu kidogo ya ushoroba, chini ya kidirisha, kwa kuwa macho yake yalikuwa mabovu na pale palikuwa na mwanga. Kati ya maneno yake na mlango wa Sihaba palibaki ukuta mtupu, upana wa mlango mmoja na nusu. Hakuna mwashi ambaye angepaona pale akapaacha.

Kashindye alibeba tindo na nyundo. Alipofika alisimama mbele ya ule ukuta, akajikuna shingo.

"Mtani, tuyafute haya maneno kwanza, tuyaandike huku chini, jirani na mlango wake?"

"Koma."

"Nasema vumbi litayala."

"Huo ni mkono wa marehemu. Haufutwi."

"Marehemu hana mkono tena, ana mfupa. Na mfupa hauandiki."

"Kashindye!"

"Haya, haya. Nimekoma. Ukoo wenu mnapenda kuabudu chaki."

Sihaba alitusikia. Akatoka na khanga yake, akaibandika juu ya maneno ya mumewe kwa misumari minne tuliyompa, ili vumbi lisiyaharibu. Akasimama pale akiishika ncha ya chini kwa mkono mmoja muda wote tulipokuwa tunakata, na Mtambo ulipokuja aliinua ule mwingine. Alitutengenezea chai. Alituuliza chumba ni cha nani, tukamwambia ni cha wageni, akasema vizuri, atapata jirani, upweke utapungua. Nilikata mlango ule kwa uangalifu kuliko mlango wowote maishani mwangu. Kila pigo la nyundo nililipiga nikiyawaza yale maneno, nisiyatikise, nisidondoshe hata nukta moja. Mlango ukasimama wima. Juu yake tukachonga amri aliyoitaka Bwana Tindo: Karibisha. Sihaba akaitoa khanga, akaikung'uta, na maneno yalikuwa safi kama yalivyoandikwa.

"Ahsante, shemeji," alisema. "Wengine wangeyafuta."

Nilijisikia mtu mwema. Nalikumbuka jambo hilo kwa uchungu kuliko mengine yote. Wote watatu tulitazama maneno na kuyaheshimu, na hakuna aliyetazama mlango gani sasa unayafuata.

Mchujo ulipita.

Sitausema vibaya. Hauna ubaya, kama chekeche lisivyokuwa na ubaya. Ulikuja bila kelele, mpana kama ushoroba, ukanyanyua maneno yenye nyota mbili moja moja kama mtu anavyonyanyua nguo kwenye kamba. Kwenye kidirisha ukayanyanyua ya Mwinshehe. Ukapiga hatua. Mlango wa kwanza uliokutana nao ulikuwa ule wangu, mpya, wenye harufu ya chokaa mbichi. Ukaukabidhi. Kisha ukafika kwa Sihaba mikono mitupu, ukaandika jina la mlango, ukapita.

Nilikuwa nimesimama pale nikitazama na sikuona kosa. Nasema kweli. Lilipita mbele ya macho yangu kama mtu aliyevaa kanzu nyeupe mbele ya ukuta mweupe.

Kitabu kilisomwa uani, kama desturi. Bwana Tindo husoma vizuri. Alisoma mlango kwa mlango, na kila mlango ulipotajwa mwenyewe aliinua kidole. Ndipo akafika.

"Chumba cha Karibu," alisoma. "Hapa Mtambo unangoja, kwa kuwa aliye mbele bado hajavuka, na yeye hawezi kusema. Msiondoe kungoja huku..."

Watu wa nje, waliokuwa langoni wakisikiliza, walipiga makofi. Mmoja alisema kwa sauti kwamba hajapata kusikia karibu yenye hekima kama hiyo. Jengo linalomngoja mgeni hadi avuke! Bwana Tindo alishangaa kidogo, kisha akaacha kushangaa, kwa sababu makofi yalikuwa mengi.

"Mwenye kujua saa ya kuachia ni Sihaba," akamalizia. "Msimharakishe."

Na kule ndani, kwenye chumba kipya, mtu akapiga chafya.

Kashindye alinitazama.

"Mlango unaofuata," alisoma Bwana Tindo, akageuza ukurasa, akaugeuza tena. "Ngoja. Hapa pana jina tu."

Sihaba alikuwa amesimama kando yangu. Alikuwa ameinua kidole kwa neno la mumewe, na sasa hakujua akishushe au akiache.

"Mbona pangu peupe?" aliuliza. Aliniuliza mimi.

Nikamfuata Bwana Tindo ofisini. Nikamweleza. Nilieleza vibaya, kwa kurukaruka, mlango, kidirisha, khanga, chaki. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa upole ule ule.

"Nimekuelewa, Kondo. Lakini Kitabu kimekwisha kusema."

"Kitabu kimetoka ukutani. Ukuta ndio niliouharibu mimi. Nyanyua maneno, yashushe kwa mwenyewe, Mchujo upite tena, basi."

"Wa nje wameyapenda pale yalipo. Wamekwisha kuanza kuagiza kwa kuyategemea. Nikiyaondoa watasema tunawadanganya."

"Si ndivyo tunavyofanya?"

"Sasa hivi tunawadanganya bila kujua," alisema. "Nikiyaondoa, nitakuwa nimejua." Halafu akasema, na nadhani alinihurumia kweli, "Uandikie ule mlango maneno mapya. Yako. Yatie nyota. Nitaurudisha Mchujo upite pale peke yake kabla lipu haijakorogwa. Usiwe bubu tu. Hilo ndilo wanalotaka, usiwe bubu."

Kwa hiyo mlango wa Sihaba ulikuwa mikononi mwangu, mimi na chaki, mimi ambaye sentensi mbili hunishinda.

Nikateremka. Kashindye alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani.

"Andika kwamba mkaazi ni mzuri na mchapakazi," alisema. "Ndivyo tunavyosema misibani."

"Hajafa."

"Ndiyo maana nasema uwahi."

Nikaweka nyota mbili. Hiyo ilikuwa rahisi. Kisha nikasimama. Chumba hiki... Chumba hiki kinafanya nini? Kinangoja. Mtoto mdogo angelijua hilo, limechongwa pale juu. Kinangoja nini? Aliye mbele avuke. Nani huyo? Anavuka nini? Kuna mto kule chini? Kuna shimo? Mwinshehe aliona kilichotokea alipoondoa. Kitu gani kilitokea? Na Sihaba anajuaje saa ya kuachia? Anaona nini pale nisipoona mimi? Yote niliyoyajua kuhusu chumba kile niliyajua kutoka kwa maneno ya ndugu yangu, na maneno ya ndugu yangu yalikuwa yameniambia kwamba kuna mtu anayejua, na mimi nikatosheka na habari kwamba yupo anayejua.

Nikaingia ndani. Alikuwa amekaa juu ya kigoda, mikono mapajani.

"Shemeji, niambie. Unajuaje saa ya kuushusha mkono?"

"Hilo tu?" Akatabasamu. "Ni rahisi. Kwanza unatazama..." Akajaribu tena. "Mwinshehe alisema kwamba mimi... Kuna kitu unakitazama, shemeji. Kipo pale mbele, kinakuwa hivi, halafu kinakuwa hivi." Akazungusha kiganja hewani, akakitazama kiganja chake kama cha mtu mwingine. "Asubuhi nilikuwa nalijua. Naapa asubuhi nilikuwa nalijua."

"Kumbuka taratibu."

"Kama jina la mtu. Lipo hapa, linakataa." Akagusa ulimi. "Kamuulize yule wa pili. Nimemsikia akiongea ndani. Ana sauti kama yangu, ila yeye anasema bila kusitasita."

Nikaenda mlango wa pili, mlango wangu mwenyewe, bado unalia maji ya chokaa. Ndani alikaa mwanamke kwenye kigoda, mikono mapajani. Uso ulikuwa ule, kasoro hakuwa na yale makunyanzi ya pembeni mwa macho anayoyapata mtu kwa kutazama mbali.

"Karibu," alisema. "Hapa Mtambo unangoja."

"Wewe ni nani?"

"Sihaba."

"Wajua saa ya kuachia?"

"Najua."

"Niambie basi unajuaje."

"Imeandikwa kwamba najua," alisema, na akanitazama kwa huruma, kama mtu mzima anayemtazama mlevi. "Msimharakishe, imeandikwa pia."

"Mtambo ukija hapa unasimama?"

"Hausimami. Juu yangu wamechonga Karibisha. Nautikisia kichwa, unapita."

Nikatoka. Ushorobani nilikaa kitambo. Sikulia, mimi si mtu wa kulia. Niliwaza. Kwa hiyo mjuzi yuko chumba hiki, na kazi iko chumba kile. Mmoja anasemwa, mwingine anatenda. Aliyesemwa amechukua jina, uso, mume, na ule ujuzi umemwagika njiani kati ya mlango na mlango, kama maji yaliyochotwa kwa kiganja. Kashindye angeuliza umemwagikia wapi. Sijui. Labda ujuzi haumo kabisa katika maneno. Maneno yanaonyesha tu mlango wa kubisha. Mwinshehe hakuandika siri ya Sihaba, aliandika jina lake, yaani, nendeni mkamuulize. Na mimi nilisoma kila siku, nikasema, ameandika vizuri, nikaenda zangu.

Vipande vya mawazo kichwani mwangu siku ile. Ningeliuliza kwa mzaha tu. Ningeliuliza wakati wa chai. Shemeji, hivi unatazama nini kule? Angenijibu, alikuwa mtu wa kujibu. Ningeelewa nusu. Nusu ingetosha. Miaka yote ile, au ilikuwa asubuhi moja ndefu, nilipita nikampa shikamoo ya haraka kama mtu anayetupa sarafu kwa ombaomba asimtazame.

Kashindye alisimama, akajipangusa. Kutoka juu tulisikia wanakoroga lipu. Koleo likikwaruza karai.

"Andika, mtani," alisema kwa sauti ya chini. "Hata uongo. Andika uongo mzuri, mimi sitasema."

Nikaushika ukuta. Nikaandika yale niliyokuwa nayo.

Humu yumo Sihaba, mke wa Mwinshehe. Anajua jambo ambalo sisi hatulijui. Alipokuwa analikumbuka sikumuuliza. Kondo, mwashi.

"Hayo ndiyo maelezo?" Kashindye alisema.

"Ndiyo."

"Hayaelezi kitu."

"Hayaelezi."

Akayasoma tena, midomo ikicheza. "Basi," alisema. "Angalau huwezi kuambiwa umeongeza chumvi."

Mchujo ulirudi, ukanyanyua maneno yangu bila kuyacheka, ukaukabidhi mlango unaofuata, na safari hii mlango unaofuata ulikuwa ndio wenyewe. Bwana Tindo alishuka na ukurasa mpya mkononi, wino haujakauka. Aliusoma akiwa amesimama. Akanitazama juu ya karatasi.

"Si maneno ya kujivunia, Kondo."

"Si bubu."

"Si bubu," alikubali. Akawageukia vijana waliokuwa na karai. "Rudisheni lipu. Huu haufungwi."

Kashindye akanipiga bega hadi chokaa ikaruka. "Umeokoa mtu, wee bubu! Umeokoa mtu kwa sentensi nne!" Akaenda akicheka ushorobani, akiwatangazia watu wa vyumba vya juu, na nikasikia wanashangilia. Langoni wa nje walifunua ukurasa, wakaona una maandishi, wakafunua mwingine.

Sihaba alitoka kizingitini. Akayasoma yale niliyoandika. Alichukua muda mrefu kuliko maneno yenyewe.

"Ahsante, shemeji," alisema. "Sasa angalau najua ninaitwa nani."

"Umekumbuka lolote?"

Akatikisa kichwa.

Ndipo sakafu ikaanza kutetemeka. Mtambo ulikuwa unashuka, mzito kuliko nilivyowahi kuusikia, kwa sababu maagizo ya wa nje yalikuwa yameongezeka tangu Kitabu kisomwe. Ulipita Chumba cha Karibu bila kupunguza mwendo. Sihaba akainua mkono. Mwili ulikumbuka hilo. Ngoja, ilisema amri, na Mtambo ukasimama mbele yetu, ukihema, mizigo ikigongana mgongoni, joto lake likitupiga usoni. Sihaba alitazama chini ushorobani. Nami nikasimama begani pake nikatazama mahali pale pale alipotazama. Nilitazama kwa nguvu zangu zote. Niliona ushoroba. Niliona milango. Niliona giza la kawaida la mahali pa mbali.

"Shemeji," alisema bila kugeuka, "niushushe?"

Nilizidi kukodoa macho kule chini.

"Shemeji. Tayari?"

"Bado," nilisema.

Akaniamini. Mkono ukabaki juu. Mtambo ukanguruma, na nyuma yake nikasikia vyumba vya juu vimenyamaza, kimoja baada ya kingine, vikisikiliza kwa nini haupiti.

"Sasa?"

"Bado, shemeji."

Kiganja chake kilikuwa kimeanza kushuka, nikakishika kwa chini, kwenye kifundo, nikakisaidia kukaa juu.